Wayo Mmoja Ufukweni: Michoro ya Robinson Crusoe na Sura ya Ijumaa

Wako watu wengi wanaomfahamu Robinson Crusoe ilhali hawajapata kuisoma riwaya yake. Wamemwona. Mtu mwenye ndevu, kavaa ngozi za mbuzi zenye manyoya kuanzia kofia hadi suruali, bunduki begani, mwavuli wa ngozi juu ya kichwa, kasuku karibu naye na mbwa miguuni pake. Hapana haja ya kutaja kisiwa wala merikebu iliyovunjika. Mavazi yenyewe yamekwisha kusimulia. Ni wahusika wachache mno wa fasihi ya dunia wanaotambulikana kwa mavazi pekee, hata jina lao lisipoandikwa. Makala haya yanaazimia kuitazama riwaya hiyo kwa njia ya michoro yake, kwa maana michoro ndiyo iliyoibeba kwa karne tatu, na ni michoro hiyo hiyo iliyoamua nani aonekane na nani asionekane.

Riwaya ilitoka London tarehe 25 Aprili 1719, ikichapishwa na William Taylor. Daniel Defoe, aliyeitunga akikaribia umri wa miaka 60, hakuliweka jina lake kwenye ukurasa wa anwani. Msomaji wa wakati ule aliambiwa kwamba Robinson mwenyewe ndiye aliyeandika maisha yake. Hapo ndipo mchoro wa kwanza unapopata uzito wake. Katika vitabu vya enzi ile, ukurasa unaoelekeana na anwani aghalabu ulikuwa mahali pa kuweka picha ya mwandishi: mtu wa heshima aliyevaa nywele za bandia, ametulia, anamtazama msomaji. Katika kitabu hiki mahali hapo pamekaliwa na Robinson katika ngozi zake za mbuzi, bunduki mbili mabegani na upanga kiunoni, bahari nyuma yake na merikebu juu ya mawimbi. Mchoro huo ulichongwa na John Clark na John Pine. Kazi yake ilikuwa kuthibitisha uwongo wa kifasihi: kwamba mtu huyu yupo, na huyu hapa ndiye anayesimulia.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mchoro huo haulingani na wakati wowote mmoja wa hadithi. Merikebu ilivunjika mwaka 1659, na ngozi za mbuzi alizishona baada ya nguo zake za kizungu kuchakaa. Anayetazama hawezi kuamua kama merikebu ile ya nyuma ndiyo iliyomleta au ndiyo itakayomwondoa miaka 28 baadaye. Wachongaji wamezikunja nyakati zote wakaziweka mahali pamoja. Mwaka uliofuata, 1720, Defoe alipotoa kitabu cha tatu cha Robinson, kilichojaa mawaidha, wachongaji hao hao waliunda ramani ya kisiwa ambamo matukio ya miaka mingi yanaonekana yakitukia kwa pamoja. Kitabu chenyewe cha mawaidha hakikupendwa kama kile cha kwanza na leo husomwa na wataalamu tu.

Kutoka hapo michoro iliongezeka kwa kasi. Tafsiri ya Kifaransa iliyotolewa Amsterdam mwaka 1720 ilikuwa na michoro ya Bernard Picart. Thomas Stothard alichora toleo zuri la mwaka 1790 lililochapishwa na Stockdale. George Cruikshank akafuata mwaka 1831, Grandville huko Ufaransa mwaka 1840, J. D. Watson mwaka 1864, Walter Paget mwaka 1891 kwa michoro inayozidi 100, kisha N. C. Wyeth wa Marekani mwaka 1920 kwa picha zake za rangi. David Blewett aliandika kitabu kizima juu ya historia hii mwaka 1995, na bado hakuimaliza, kwani alikomea mwaka 1920.

Yafaa kueleza ni kwa nini mchoro mmoja wa mwaka 1719 uligeuka kuwa michoro 100 na zaidi katika karne ya 19, maana sababu yake haikuwa mapenzi ya wasomaji peke yake. Bamba la shaba huchongwa mifereji, wino ukaingia ndani ya mifereji hiyo, na karatasi ikahitaji kukandamizwa kwa mtambo wake maalumu. Kwa hiyo picha ya shaba ilichapwa peke yake, kwenye karatasi yake, ikapachikwa kitabuni. Ilikuwa ya gharama na ilikaa mbali na sentensi iliyohusika. Mchoro wa ubao ni kinyume chake. Sehemu isiyotakiwa huchongwa ikaondolewa, na mistari inayobaki imeinuka kama zilivyoinuka herufi za risasi. Ubao na herufi viliweza kufungwa katika fremu moja na kupigwa chapa kwa pamoja. Picha ikaingia katikati ya maneno. Tangu hapo Robinson aliweza kuonekana katika ukurasa ule ule anaposhona, anapopanda, anapokamua mbuzi.

Na kitabu hiki kiliukubali utaratibu huo kwa sababu maandishi yake tayari yalikuwa yamejaa vitu. Hapa ndipo penye siri ya mvuto wake. Defoe hasemi kwamba Robinson alijenga makazi; anahesabu miti ya boma, siku zilizotumika, misumari, mashoka na magunia yaliyookolewa merikebuni. Siku zinahesabiwa kwa kutiwa alama za kisu kwenye nguzo. Shayiri inaota karibu na boma kutokana na mabaki ya chakula cha kuku aliyoyakung'uta bila kufikiri, naye kwanza anadhani ni muujiza. Msomaji aliyewahi kulima hata tuta moja la sukumawiki anaifahamu furaha ile, na anaifahamu pia hofu ya ndege wanaovamia mavuno.

Mfano bora ni ule wa mtumbwi. Robinson anaangusha mti mkubwa mno, unene wake chini ukikaribia futi sita, anatumia siku 20 kuukata shina tu, kisha miezi ya kuuchonga na kuukomba ndani. Mtumbwi ukawa mzuri, wenye nafasi ya kubeba watu 26. Ndipo anapogundua kwamba hawezi kuusogeza hata shubiri moja kuelekea majini. Anapiga hesabu ya kuchimba mfereji ili maji yamfuate, hesabu inatoa miaka kumi au kumi na miwili, na anauacha pale pale. Wahenga wana methali juu ya asiyesikia la mkuu, na Robinson, aliyeondoka nyumbani kinyume cha maonyo ya babake, anastahili kuambiwa. Hata hivyo si ukaidi wake unaomkwamisha hapa. Ni kupenda kazi kuliko kuiwaza. Mchoraji akimweka mtu mmoja mdogo kando ya mtumbwi mkubwa uliokwama msituni, hana haja ya kuongeza neno.

Tukio ambalo wachoraji wamelirudia bila kuchoka, hata hivyo, ni lile la alama ya wayo. Adhuhuri moja Robinson anaelekea kwenye mashua yake na anakuta alama ya mguu mtupu wa binadamu mchangani. Ni wayo mmoja. Hakuna wa pili mbele wala nyuma, na wahakiki wamebishana tangu zamani ni vipi mtu anaweza kutembea ufukweni akaacha alama moja. Defoe hakujishughulisha kueleza. Robinson anakimbia, kila kichaka anakiona kuwa mtu, usiku halali. Anadhani ni shetani. Kisha anajifariji kwamba huenda ni wayo wake mwenyewe. Anarudi kuupima na mguu wake unaonekana mdogo. Mtu ambaye amelilia kumwona mwenzake kwa miaka 15 anaona dalili ya mwenzake na jambo la kwanza analolifikiria ni kubomoa maboma yake, kuwaachilia mbuzi na kuyafukua mashamba ili asijulikane yupo.

Hapa pana kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya, na lawama yake wanastahili kubebeshwa wachoraji pamoja na wafupishaji. Wengi huamini kwamba wayo ule ulikuwa wa Ijumaa. Sivyo. Katika riwaya, Ijumaa anafika takriban miaka kumi baada ya wayo kuonekana, na mwenye wayo ule hajulikani kamwe. Lakini katika vitabu vilivyofupishwa kwa ajili ya watoto, picha ya wayo iko ukurasa mmoja na picha ya Ijumaa iko ukurasa unaofuata. Jicho huunganisha kile ambacho maandishi yalikitenganisha. Miaka kumi ya hofu, ambayo huenda ndiyo sehemu yenye undani zaidi kisaikolojia katika kitabu kizima, inatoweka kwa kufunua ukurasa.

Na Ijumaa mwenyewe je? Defoe anaeleza sura yake kwa makini yasiyo ya kawaida. Anasema nywele zake zilikuwa ndefu, nyeusi, zisizosokotana. Rangi yake haikuwa nyeusi hasa bali ya hudhurungi. Pua yake ndogo. Kisiwa kiko karibu na mlango wa mto Orinoco, mkabala wa Trinidad, na Ijumaa ni mmoja wa wenyeji wa asili wa eneo hilo la Karibi. Maelezo hayo hayana utata. Hata hivyo wachoraji wengi wa karne ya 19, na baada yao watengenezaji wa vitabu vya watoto, walimchora Ijumaa kuwa Mwafrika mweusi. Walikuwa na maandishi mbele yao, nao wakachora kinyume.

Sababu si ngumu kukisia. Kila mchoraji alitaka tukio lile ambapo Ijumaa, baada ya kuokolewa kutoka kwa waliotaka kumla, anapiga magoti, anabusu ardhi, kisha anauchukua mguu wa Robinson na kuuweka juu ya kichwa chake. Kufikia mwisho wa karne ya 18, macho ya Waingereza yalikuwa yamezoea umbo moja la mtu apigaye magoti: Mwafrika aliyefungwa minyororo, kwenye nishani iliyotolewa na Josiah Wedgwood mwaka 1787 kwa ajili ya kampeni ya kupinga biashara ya watumwa. Nishani ile ilikuwa na nia njema. Lakini umbo lilikwisha kuzoeleka, na yamkini mkono wa mchoraji ulilifuata umbo hilo kuliko ulivyofuata sentensi za Defoe. Mtoto wa Kiafrika aliyekipata kitabu hicho katika maktaba ya shule alijitafuta ndani ya picha, kama wafanyavyo watoto wote, na alijikuta chini ya mguu. Hakuwa na njia ya kujua kwamba mwandishi hakumweka pale.

Suala la jina linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Robinson anampa mtu huyu jina la siku aliyomwokoa, na hamwulizi hata mara moja alikuwa akiitwa nani. Papo hapo anamfundisha kusema neno la Kiingereza lenye maana ya bwana, na kumjulisha kwamba hilo ndilo litakalokuwa jina la Robinson. Kwa Mwingereza wa mwaka 1719, kumwita mtu Ijumaa kulikuwa sawa na kumwita kwa jina la kitu kilichookotwa. Mfasiri wa Kiswahili akilifikia neno hilo hujikuta katika mtihani, kwa kuwa pwani ya Afrika Mashariki mtoto wa kiume aliyezaliwa siku hiyo huitwa Juma, kama wa Alhamisi anavyoitwa Khamis; na kwa Waakan wa Ghana huitwa Kofi. Juma ni jina lenye baba na babu, lenye mtaa na msikiti. Akimwita Juma, mfasiri atakuwa amempa mhusika nyumbani ambako Defoe alimnyima, na jeraha litakuwa limefunikwa. Akimwita Ijumaa, ugeni unabaki na msomaji wa Kiswahili anashtuka: nani humwita mtu Ijumaa? Makala haya yameshika njia hii ya pili. Mshtuko ule ni sehemu ya maana.

Ikiwa Ijumaa si Mwafrika, je, Waafrika wamo riwayani? Wamo, tena wengi kuliko wanavyodhani wale waliosoma matoleo mafupi. Kabla ya kufika kisiwani, Robinson alitekwa na maharamia na kuwa mtumwa huko Salé, nchini Morocco. Alitoroka kwa mashua akiwa na kijana aitwaye Xury, ambaye alimsaidia kwa uaminifu katika safari ya hatari kuteremka pwani ya Afrika Magharibi. Walipookolewa na merikebu ya Wareno, nahodha alitaka kumnunua Xury, na Robinson, baada ya kusita kidogo, akamwuza kwa vipande 60 vya fedha, kwa ahadi kwamba ataachwa huru baada ya miaka kumi ikiwa atakuwa Mkristo. Baadaye, akiwa na shamba lake huko Brazil, anamkumbuka Xury na kujuta. Anajuta kwa kuwa mikono ya kazi imepungua.

Kisha inakuja safari yenyewe. Wenye mashamba wenzake wa Brazil walimwomba asimamie merikebu ya tani 120 kwenda pwani ya Guinea kununua watumwa kwa siri, kwa shanga, visu, mashoka na vipande vya vioo, na wakamwahidi fungu sawa la watumwa bila kutoa mtaji. Tarehe 1 Septemba 1659 aling'oa nanga. Merikebu inayovunjika katika dhoruba tarehe 30 mwezi huo huo, ile ambayo kila mchoraji ameichora ikipigwa na mawimbi, ilikuwa njiani kwenda kununua watu. Misumari, bunduki na mashoka anayoyaokoa yalitoka katika merikebu hiyo. Maandishi ya Defoe hayaufichi ukweli huu hata kidogo. Yanautaja kwa utulivu wa mfanyabiashara. Ni picha ya dhoruba iliyouficha, kwa sababu mawimbi hayana kumbukumbu ya shehena wala ya safari.

Waandishi wa baadaye waliuona ufa huu kati ya maandishi na michoro. Katika tamthilia ya Derek Walcott, Pantomime, ya mwaka 1978, Mwingereza mwenye hoteli kule Tobago na mfanyakazi wake mweusi wanabadilishana nafasi za Robinson na Ijumaa, na mchezo unageuka kuwa jambo zito kuliko walivyotarajia. J. M. Coetzee wa Afrika Kusini alikwenda mbali zaidi katika Foe, mwaka 1986. Ijumaa wake ni Mwafrika mwenye nywele za kipilipili, naye amekatwa ulimi. Wapo wanaoweza kulalamika kwamba Coetzee amekiuka maelezo ya Defoe. Lakini Coetzee anamwandikia msomaji ambaye amelelewa na picha za karne mbili, na Ijumaa huyo asiyeweza kusema ndiye hasa aliyechorwa na vizazi vya wachoraji: mtu anayeonekana kila mahali bila kusikika popote. Mtafiti anayelinganisha riwaya hizi mbili kwa maneno tu, bila kutazama michoro iliyokaa kati yake, atakosa kiungo muhimu.

Hali hii inapasa kuwashughulisha wanaofundisha na wanaochapa vitabu vya Kiswahili. Tangu Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani zilipotolewa kwa Kiswahili mwaka 1929, tafsiri za riwaya za safari na visiwa zimekuwa lango la fasihi andishi kwa vizazi vya wasomaji wa Afrika Mashariki. Tafsiri hujadiliwa kwenye semina, msamiati wake ukapimwa, sintaksia yake ikakosolewa. Mchoro unaoambatana nayo haujadiliwi. Huchukuliwa kama ulivyo kutoka toleo la kigeni, au hupewa msanii ambaye hakupewa muda wa kuisoma riwaya. Laiti mchoraji angeketi na mfasiri kwa siku moja, Ijumaa angerudishiwa nywele zake ndefu, na huenda picha nyingine mpya zingezaliwa.

Ipo moja ambayo ingefaa kuanza nayo. Robinson na Xury wamo ndani ya mashua wakiteremka pwani ya Afrika, chakula na maji vimewaishia. Watu weusi wamesimama ufukweni. Robinson anawaashiria kwamba ana njaa. Wawili wanakimbia na kurudi na nyama kavu na nafaka, wanaviweka chini na kusimama mbali ili wageni wasiogope kuvichukua. Halafu Robinson anainua mtungi wake na kuupindua kuonyesha kwamba ni mtupu. Wanakuja wanawake wawili wamebeba chombo kikubwa cha udongo, kilichokaushwa, anavyokisia yeye, kwa jua. Miaka michache baadaye, kisiwani, mtu huyu atahangaika takriban miezi miwili kufinyanga vyungu viwili vibaya, na ataigundua siri ya kuchoma udongo kwa bahati tu, kigae kilipoangukia motoni. Hatawakumbuka wanawake wale. Msomaji anaweza kuwakumbuka kwa niaba yake: wanatua chombo chao mchangani, wanarudi nyuma, Xury anashuka na mitungi, anaijaza yote mitatu, na mashua inaondoka.